Nimekabidhiwa vijana wa kanisa Kadutu, natafuta mlezi wa kiroho. Nianzie wapi?

Kijana wa Kadutu:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kanisa letu hapa Kadutu, mjini Bukavu (Kongo), limenikabidhi kundi la vijana. Kwenye orodha wako 40, wanaofika Jumapili mchana ni 25 hivi. Nina miaka 3 tangu niokoke. Biblia nasoma, ila narukaruka. Mchungaji ana mambo mengi, kumpata peke yake ni kazi.

Maswali yangu: mlezi anatafutwaje, na siku ya kwanza unamwambia nini? Mkikutana mnafanya nini hasa, maana sitaki tuombeane tu na kuagana? Na hao 25 nitawaleaje mtu mmoja? Wenzangu kadhaa wana "baba wa kiroho" wa kwenye simu, yuko mji mwingine, wanamtumia sadaka kila mwezi naye anawatumia sauti za maombi. Hayo nayo ni malezi? Naomba hatua, siyo mahubiri. Aksanti.

Mzee wa Nguba:

Mdogo wangu, naanza na hilo la 25, kwa sababu ndilo linalowamaliza viongozi vijana. Huwezi kuwalea wote, usijaribu. Lea 3 au 4, wale wengine waongoze. Kuongoza na kulea ni kazi mbili. Yesu alikuwa na umati, akawa na 12, na kati ya hao 12 walikuwako 3 alioingia nao mahali wengine hawakuingia: nyumbani kwa Yairo (Marko 5:37), mlimani (9:2), Gethsemane (14:33). Halafu tazama mpangilio wa Marko 3:14: aliwaweka wawe pamoja naye, kisha awatume. Sisi tunageuza. Mtu anatumwa kwanza, akishachoka ndipo anatafutiwa wa kuwa naye.

Hao 3 usiwachague kwa sauti nzuri ya korali wala kwa Kifaransa. Watazame miezi 2. Nani anafika kabla ya saa? Nani akisema "nitaleta" analeta? 2 Timotheo 2:2 inasema uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha wengine. Uaminifu umetajwa mbele, kufundisha kunafuata.

Sasa mlezi wako wewe. Acha kumwangalia anayeshika mikrofoni. Tafuta mzee wa kanisa, shemasi au mwalimu wa shule ya Jumapili, umchunguze kwa mambo matatu. Nyumba yake ikoje (1 Timotheo 3:4-5)? Kuna mtu aliyemlea ambaye leo anafanya kazi bila yeye? Na akiambiwa amekosea, anapokea? Petro alikaripiwa na Paulo mbele ya watu kule Antiokia (Wagalatia 2:11-14), na kazi iliendelea. Mzee ambaye hakuna anayeweza kumwambia neno, mpe shikamoo yake uendelee na safari.

La nne ni dogo lakini ndilo linaloamua: akae karibu. Kama kila wiki lazima ulipe motari (pikipiki ya abiria) kwenda na kurudi, mwezi wa tatu utaanza kuleta visingizio, na mvua za hapa kwetu zinaanza Septemba mpaka Mei. Mzee wa kawaida unayemfikia kwa miguu atakufaa kuliko mwalimu mkubwa wa ng'ambo ya mji.

Siku ya kwanza usimwambie "nataka uwe baba yangu wa kiroho". Neno hilo ni zito na halina mwisho, mtu mwenye busara ataliogopa, na asiye na busara atalifurahia. Omba kitu kidogo chenye mwisho: "Mzee, naomba tusome Injili ya Marko pamoja, saa moja kwa wiki. Ina sura 16, kwa hiyo ni majuma 16. Tukimaliza tutaangalia kama tuendelee." Hilo anaweza kulikubali bila woga. Na kabla hujaanza, mchungaji ajue kutoka kinywani mwako. Akisikia kwa mwingine kwamba mnakutana nyumbani kwa fulani, kesho yake litaitwa kundi ndani ya kanisa, na hapo hata mlezi atarudi nyuma.

Saa yenyewe igaweni hivi. Dakika 10 za mwanzo ni hesabu ya juma lililopita: ulisema utafanya nini, ulifanya? Kisha someni sura nzima kwa sauti, mkipokezana. Hata sura ya 1 yenye mistari 45 haimalizi dakika 10. Baada ya hapo maswali matatu, nusu saa hivi: Yesu anafanya nini na anasema nini hapa? Wanafunzi wanakosea wapi? Mimi juma hili nitafanya nini, kwa nani, siku gani? Jibu la swali la tatu liandikwe kwenye daftari, mstari mmoja. "Nitaomba zaidi" halikubaliki, halina siku wala mtu. "Jumatano jioni nitamfikia yule kijana wa avenyu ya juu ambaye hajaonekana majuma 3", hilo ndilo jibu. Dakika zinazobaki mwombeane, na ombi litoke kwenye kile mlichosoma.

Swali la wanafunzi kukosea wengi wanaliruka. Usiliruke, maana Marko ameliweka makusudi. Chukua sura ya 8 hadi ya 10. Mara tatu Yesu anasema atateswa, atauawa, atafufuka: 8:31, 9:31, 10:33-34. Na kila mara, papo hapo, wanafunzi wanateleza. Mara ya kwanza Petro anamkemea. Mara ya pili wanashindana njiani nani mkubwa, na wakiulizwa Kapernaumu wananyamaza. Mara ya tatu Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kulia na kushoto, wale 10 wanakasirika, na mimi naona walikasirika kwa sababu viti walivyovitaka wao vimeombwa na wengine. Sasa weka kidole kwenye 10:36, Yesu anawauliza wale ndugu wawili wanataka awafanyie nini. Shuka mpaka 10:51, anamuuliza kipofu Bartimayo swali lilelile. Wawili wameomba viti, kipofu ameomba kuona. Kaeni hapo majuma 2 mkitaka, hata kama yale 16 yatakuwa 17. Komite zetu zote za vijana ziko ndani ya sura hiyo.

Na 10:45 uisome mpaka mwisho. Wengi wanaishia "hakuja kutumikiwa bali kutumika" wanaigeuza kuwa somo la unyenyekevu. Mstari unaendelea: na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Ukimchukua Yesu kama mfano tu, utalea vijana wanaofagia kanisa na kubeba viti ili wakubaliwe, na baada ya mwaka watachoka au watajivuna. Fidia inasema wamekwisha kukubaliwa, ndiyo maana wanaweza kutumika bila kuhesabu.

Mwisho, msisome tu. Kila kazi ipite ngazi nne: unamtazama mlezi akiifanya, unashika sehemu, unaifanya yeye akitazama, unaifanya peke yako na kuleta habari. Mfano, kutembelea mgonjwa. Mara ya kwanza uende naye, unyamaze. Mara ya pili usome wewe, Zaburi 121 inatosha, ina mistari 8 tu. Mara ya tatu uongoze yote, yeye akae pembeni. Dakika 15, msizidishe. Usikae kitandani kwa mgonjwa, usimtajie siku atakayopona, na ukimaliza kuomba muulize yule anayemuuguza kama leo amekula, maana hospitalini kwetu mwenye njaa mara nyingi ni yeye. Kufuatana hivyo kuna nguvu kuliko tunavyodhani. Dkt. Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani aliyezaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, alikuwa akimfuata baba yake, mchungaji, kuombea wagonjwa, na amesema mara nyingi kwamba ndipo alipotamani kuwa daktari. Baba hakumpa somo la uongozi, alimpeleka.

Mama wa Bagira:

Mwanangu, mzee amesema vizuri. Mimi naongeza mahali panapoharibika, kwa sababu malezi mengi hayafi kwa kukosa Biblia.

La kwanza pesa. Mlezi asikukopeshe, nawe usimkopeshe. Deni likiingia, siku ya kukutana mmoja atakuwa na "homa". Ukiwa na shida ya kodi au ya ada, ipelekwe kwa mashemasi, hiyo ni kazi yao. Na hao baba wa kiroho wa simu, jiulize: anajua mlango wa kwenu? Anajua unavyosema na mama yako? Yeye mwenyewe anakaripiwa na nani? Kama majibu ni hapana, hapana na hakuna, hayo unayolipia ni maombi ya kununua. Simu inafaa kwa mlezi aliyekujua kwanza kisha akahama mji. Kuanza na simu, sikushauri.

La pili, wasichana walelewe na mama, wavulana na baba. Tito 2:3-5 ipo. Kama kundi lako lina wasichana 12, wiki hii hii tafuta mama mmoja wa kusimama nawe, usingoje tatizo. Mkikutana, mlango wazi au uani watu wakiwaona. Ujumbe wa sauti saa 5 usiku kati ya kiongozi na binti usiwepo, hata uwe wa zaburi.

La tatu siri. Utakachoambiwa hakitoki, hakiendi hata kwenye maombi ya kikundi kwa jina la "tumwombee dada fulani". Lakini mapema kabisa waambie kuna mambo hutayaficha: mtu akitaka kujiua, mtoto akiumizwa, au mtu akibakwa. Aliyebakwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maombi mtayafanyia njiani. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla saa 72 hazijapita, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Nimeandika namba hiyo ili uiandike kwenye jalada la daftari lako. Usimwulize maswali ya upelelezi, usimlazimishe kusamehe, usimpatanishe na aliyemtenda. Hapa makanisa yamekosea sana.

Na kukosoa: Prisila na Akila walimsikia Apolo akisema kwa ujasiri ndani ya sinagogi huku akijua ubatizo wa Yohana tu. Hawakusimama kumkata maneno. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Kijana wako akikosea mbele ya watu, mwite kando siku hiyo au kesho yake, umwambie jambo moja tu. Ukimpa saba ataondoka na sifuri.

Mwalimu, Goma:

Mzee wa Nguba, naheshimu lakini Marko nzima kwa majuma 16 inamfaa yeye kiongozi. Kwa wale vijana wake 3 ningeanza na jambo fupi zaidi, kwa sababu wengi wamelelewa kanisani na hawajawahi kuisema Injili kwa maneno yao.

Kijana, fanya hivi. Soma nao 1 Wakorintho 15:1-4, mistari minne: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Kisha kila mmoja aieleze kwa dakika 3 kwa lugha ya nyumbani kwao, Mashi, Kihavu, Kirega, kama anamweleza bibi yake. Asiruhusiwe kusema "upako", "damu ina nguvu" wala "level ya kiroho". Utashangaa. Wengi watasema "uache pombe, uache wanaume, uje kanisani". Hayo ni matunda, Injili ni habari ya jambo ambalo Mungu amekwisha kulitenda. Wengine watasema "ukimpokea Yesu utafanikiwa", na hilo haliko katika mistari ile minne. Mwenye kuchanganya hapo, ukimpa kundi la kuongoza atawalea watu kwa sheria au kwa ahadi za pesa, moja kati ya hayo mawili. Rudieni zoezi hilo mara 4, kila juma mtu mmoja akiwa msikilizaji mwenye maswali magumu. Marko ifuate.

Jambo la pili ni kese, yaani mfuko wa pesa za kundi. Hakuna aliyeligusa na ndilo linaloangusha viongozi vijana kuliko uasherati, ila halitangazwi. Usishike pesa wewe mwenyewe. Wahesabu wawe wawili, wasio ndugu, wahesabu pale pale kabla ya kutoka kanisani, faranga kando na dola kando, waandike tarehe na kiasi, wote wawili watie sahihi. Kila kinachotoka kiwe na kipande cha karatasi, hata kama ni unite za simu (muda wa maongezi). Hesabu isomwe mbele ya kundi kila mwisho wa mwezi, dakika 2 zinatosha. Pesa za kundi zikilala kwenye simu yako pamoja na zako, siku ya njaa hutajua zipi ni zipi.

Kijana wa Kadutu:

Aksanti sana wazee, aksanti mama. Nimeona kosa langu, nilikuwa namtaka mtu mashuhuri. Kuna shemasi mmoja wa avenyu yetu, haongei sana, ila watu wawili waliotoka mikononi mwake wanaongoza vyumba vya maombi. Maswali mawili bado. Nina kijana mmoja moto sana, ameokoka miezi 5, kila mtu anasema nimpe nafasi kwenye komite. Nimpe? Na tutajuaje kama malezi yanaenda, au tunapoteza bure Jumanne zetu, siku ninayotaka tukutane naye?

Mzee wa Nguba:

Mpe kazi, usimpe cheo. 1 Timotheo 3:6 inazungumzia waangalizi, asiwe aliyeongoka karibuni, asije akajivuna, lakini kinachoharibu ni kilekile. Kazi ziongezeke polepole: ufunguo wa chumba na kupanga viti mwezi 1, daftari la mahudhurio mwezi 2, kusoma Andiko mbele ya watu, kisha neno la dakika 10, kisha kikao kizima wewe ukiwa umekaa nyuma. Akikosa ufunguo siku ya mvua na watu 25 wakasimama nje, utajua zaidi kumhusu kuliko kwa mahubiri matatu. Musa aliambiwa amwekee Yoshua sehemu ya heshima yake (Hesabu 27:20). Sehemu, si yote kwa siku moja. Na akianguka usimfute. Marko yuleyule aliyewaacha njiani, mpaka Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake (Matendo 15:37-39), Paulo baadaye anaandika aletwe, anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11).

Kujua kama inaenda: juma la 8 rudini kwenye daftari. Hesabu mistari uliyoandika "nitafanya" na iliyofanyika kweli. Ikiwa 8 na imefanyika 5, mnaenda vizuri. Ikiwa imefanyika 2 tu, ama mnaandika mambo makubwa mno, ama mlezi haulizi zile dakika 10 za mwanzo. Mara nyingi ni hilo la pili, maana wazee wetu wanaona aibu kumdai mtu. Mwambie wewe mwenyewe akudai. Halafu muulize mama yako au ndugu unayelala naye chumba kimoja kama ameona tofauti. Wao hawadanganyiki na "Haleluya".

Mwalimu wa Goma, nakubali lile la Mashi. Nitalijaribu na wazee wenzangu, nadhani tutaaibika kwanza.

Mama wa Bagira:

Kijana, kabla hujaenda kwa huyo shemasi, muulize mkewe saa inayofaa, nyumba ni yake pia. Chagua saa 10 au saa 11 jioni. Ukifika saa 1 utawakuta na sufuria jikoni, watalazimika kukuongezea sahani kila Jumanne kwa majuma 16, na watoto ndio watakaopungukiwa. Na barabara za Kadutu usiku unazijua mwenyewe.